Nilimpa pole kwenye grupu, na msiba uko nyumba ya tatu

Shangazi, shikamoo.

Naishi Mikindani, huku Mtwara. Nina mume na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Kazi yangu ni kuuza khanga na vitenge. Nilianza kwa kutembeza mtaa kwa mtaa, nikapata kifremu kidogo, na tangu niliponunua simu janja mauzo mengi yanatoka WhatsApp. Mzigo ukifika napiga picha, naweka stetasi, mteja anachagua, anatuma hela, namfungia na kumpa kondakta wa basi. Nina wateja Mtwara mjini, Lindi, Masasi, hata Tunduru. Kwa hiyo sikuandikii kuilaani simu. Ndiyo inayolipa kodi ya fremu na sare za shule.

Kinachonisumbua ni zile saa zisizo za biashara. Nikiamka, kabla sijanawa uso, nimeshaishika. Nafungua nione kama kuna oda. Hakuna, lakini sitoki. Naingia stetasi za watu, naingia TikTok, naingia kwenye magrupu ambayo hata sijui nani aliniingiza. Nikija kushtuka, chai imechemka mpaka imekauka na mtoto ameondoka kwenda shule bila kuniaga, au ameniaga sikusikia. Usiku ndiyo balaa. Bando likiwa linaisha saa sita naona uchungu liende bure, basi naperuzi mpaka liishe lote.

Yapo mawili yaliyonifanya nikuandikie.

Likizo ya Juni binti yangu alichezwa unyago kwa mama yangu, Tandahimba. Siku ya kutolewa nje ndugu walijaa, ngoma ilianza usiku, mjomba wake alitoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo tu. Mimi nilikuwa mbele kabisa, nimenyanyua simu, narusha laivu ili wateja na ndugu wa mbali waone. Watu wanamtunza, noti zinamiminika, vigelegele, na mimi nasoma maoni yanavyopita kwenye kioo. Kungwi akanisogelea, akaniambia sikioni, "Mama, mtoto anakutafuta kwa macho." Nilipoishusha simu alikuwa ameshapitishwa. Tangu turudi nyumbani ananijibu ndiyo na hapana tu. Juzi nikamwonyesha ile video nikidhani atafurahi. Akaniambia, "Mimi nilikuwepo, mama."

La pili ni la mwezi huu. Shoga yangu wa miaka mingi, ambaye zamani maji yakipwa tulikuwa tunafuatana pwani kuchokoa pweza na kuokota kombe, alifiwa na mama yake. Nilizipata habari kwenye grupu la mtaa. Nikaandika Inna lillahi, nikaweka na vikono vya dua, nikaendelea na oda za watu. Nikasema nitakwenda jioni, jioni ikawa kesho. Wamezika, wameanua tanga, mimi sijafika, na nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Jana tumekutana bombani. Amenisalimia vizuri tu, akajitwisha ndoo yake akaenda. Angenitukana ningepata nafuu.

Mume wangu ni mvuvi. Akiwa nyumbani naye ana simu yake ya kuangalia mpira, basi tunakula kila mtu na mwanga wake usoni.

Nimeshafuta TikTok nikaipakua tena. Nimefikiria kuiuza simu ninunue kitochi, lakini biashara itakufa. Mei 2024, zile siku intaneti ilipokatika, mwanzoni nilihangaika kama mgonjwa, halafu nikajikuta nakaa barazani na wenzangu, tunasukana, tunacheka, na usiku nalala usingizi wa kweli. Iliporudi, na mimi nikarudi nilikokuwa. Nifanye nini, Shangazi?

Mama Binti, Mikindani


Marahaba, mwanangu.

Naanza na msiba, kwa sababu una muda wake. Umesema ni mwezi huu, basi arobaini haijafika. Nenda leo. Ukisoma barua hii usiku, basi nenda kesho baada ya alasiri, wakati ambao huwa ametulia. Usimtumie ujumbe wa kumwarifu kwamba unakuja, na simu iache nyumbani kabisa. Ukiibeba ndani ya pochi, hata ukiizima sauti, nusu ya akili yako itakuwa kwenye pochi. Chukua kile ambacho ungekichukua siku ile: kilo za mchele, sukari, unga, kadiri ya uwezo wako. Ukifika usianze na habari za biashara wala ubize wako. Sema, "Nimechelewa, na sina la kujitetea," halafu muulize mama aliuguaje. Mfiwa husimulia ugonjwa wa marehemu tangu siku ya kwanza, hospitali gani, nani alikuwepo, neno gani la mwisho. Wengine walishasimuliwa, wewe bado. Kaa mkekani mpaka amalize, hata kama jua litazama.

Na kabla hujaondoka, uliza hitma ni lini na uombe kazi. Kuchagua mchele, kukuna nazi, kuosha vyombo usiku kucha, chochote. Ni kazi inayokuweka bega kwa bega na watu wa nyumba ile saa nyingi bila kulazimika kusema maneno makubwa, na wewe na shoga yako hiyo ndiyo mnayoihitaji sasa. Mtu aliye Tunduru akiandika pole kwenye grupu, ameandika kwa kuwa hana zaidi, na inapokelewa kwa shukrani. Wewe ulikuwa na miguu, na yeye anajua ulikuwa nayo. Ndiyo maana alikusalimia vile bombani. Lakini hajakufungia mlango, mwanangu. Aliyekata tamaa na mtu huacha hata kumsalimia.

Sasa hii simu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na naona umejiita dhaifu bila kutumia neno lenyewe. Nataka ujue unashindana na kitu gani. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho: ukifika chini unabonyeza kwenda wa pili, na pale mkono unapata nafasi ya kusita. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoteremka. Baadaye alijitokeza hadharani akasema anajutia namna ulivyotumika. Bahari yetu ina kupwa na kujaa. Hicho unachokiperuzi kimetengenezwa kisipwe, na watu wenye elimu kubwa wanalipwa kuhakikisha hakipwi.

Halafu kwako kuna mtego wa ziada, na huo nadhani hujauona: ni zile oda. Asubuhi unafungua, mara nyingine ipo, mara nyingine haipo. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafanyia njiwa majaribio katikati ya karne iliyopita, akakuta kwamba njiwa anayepata punje kwa bahati, leo kwa dono la kwanza, kesho kwa la ishirini, hudonoa bila kuchoka kuliko yule anayepata kila mara. Wewe oda zako ni za kweli na zina hela ndani yake, kwa hiyo kila unapofungua una sababu nzuri ya kujipa. Unaingia kwa mlango wa biashara unatokea TikTok. Kufuta TikTok peke yake hakukusaidia kwa sababu mlango ulibaki wazi.

Kwa hiyo kitochi nunua, lakini simu janja usiiuze. Laini ya familia, ambayo mama yako, mumeo na walimu wa watoto wanaijua, iweke kwenye kitochi. Kutuma na kupokea hela kunafanyika humo bila intaneti. Simu janja iwe ya dukani: ikifika asubuhi ifunguliwe kwenye fremu, na jioni ibaki mahali pamoja, kabatini au juu ya friji, siyo chini ya mto. Humo weka WhatsApp Business. Ni ya bure, imekuwepo tangu 2018, inakuruhusu kupanga picha za mzigo wako kama orodha, mteja aangalie mwenyewe bila wewe kuzituma upya kila mara, na ina ujumbe wa kujijibu ukiwa haupo: "Nipo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, acha oda yako." Na hayo magrupu usiyojua nani alikuingiza, jitoe humo. Ndani ya WhatsApp, sehemu ya faragha, unaweza kuchagua kwamba asikuingize kwenye grupu ila mtu ambaye namba yake umeihifadhi.

Bando la usiku lisikupe uchungu. Hela uliitoa mchana, ukakesha nalo usiku hairudi, na unalipa mara ya pili kwa usingizi wako. Nunua dogo la kutosha kazi, au ulizia lisilo na kikomo cha muda.

Haya yote ni ya kupunguza kishawishi, na peke yake hayatoshi. Ushahidi umeuleta mwenyewe, ile Mei 2024. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu huko upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Watu wa kusini tunaukumbuka mwezi ule maana siku chache kabla, mafuriko ya kimbunga Hidaya yalikuwa yameikata barabara ya kwenda Dar es Salaam kule Somanga. Sasa jiulize kwa nini zile siku ulikaa barazani na ukacheka. Simu yako ilikuwa imenyamaza, ndiyo, lakini na wenzako walikuwa pale. Mlikuwa wazi wakati mmoja wote pamoja. Intaneti iliporudi mlitawanyika kila mtu na kioo chake, na wewe ukijizuia peke yako unakuta baraza tupu, unarudi ndani kuchukua simu. Nani angekaa kwenye baraza tupu?

Unachohitaji ni saa ambayo kuna mtu anakusubiri. Na Mikindani mnayo tayari, haitaki kupangwa na yeyote. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bamvua inakuja, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Pwani yetu hii bamvua ikipwa, inapwa sana asubuhi, saa tatu, saa nne, saa tano hivi, na kila siku inasogea karibu dakika 50. Siku chache, kisha maji yanakuwa mafu mpaka nusu ya mwezi nyingine. Ukienda miambani na wenzako unashika kijiti mkono mmoja na kikapu mkono mwingine, maji ya chumvi yako magotini, macho yanatafuta tundu la pweza kabla hajajivuta ndani. Hakuna anayeweza kuperuzi katika hali ile. Na hakuna anayekwenda peke yake, maana kuna kupigiana kelele maji yakianza kurudi. Shoga yako huyo huyo ndiye uliyekuwa ukifuatana naye. Akishamaliza arobaini yake, au hata kabla kama ni desturi yao kutoka, mpitie mlangoni siku ya bamvua. Usimpigie. Mpitie na kikapu. Kama kikundi cha pwani kwenu kimefunga sehemu ya mwamba ili pweza wakue, fuata utaratibu, mwende upande ulio wazi.

Wateja watasubiri. Siku ya bamvua ujumbe wa kujijibu uwaambie utapatikana baada ya adhuhuri. Yule wa Masasi anayetaka doti ya khanga kwa ajili ya harusi ya Jumamosi hatanunua kwingine kwa kusubirishwa saa chache, na atakayekwenda, mwache aende salama.

Nimemweka binti yako huku mwisho kwa sababu yeye anataka polepole. Lile neno lake, "Mimi nilikuwepo, mama," usilichukue kama ufedhuli. Shughuli ile anayo yote mwilini mwake, hana haja ya kuonyeshwa. Alichokikosa ni uso wako. Video haiwezi kumpa, maana wewe haumo: wewe ndiye uliyeishika.

Kwanza muulize kama anataka ile laivu ibaki mtandaoni. Akisema hapana, ifute mbele yake. Hata akisema ndiyo, kama kulikuwa na mabinti wengine waliotolewa naye, hao wana mama zao ambao hukuwauliza, na unyago una mipaka yake ambayo wewe uliyechezwa unaijua kuliko mimi ninavyoweza kukuandikia. Pili, usimuweke kikao. Mtoto wa umri ule ukimwambia "njoo tuongee" anajifunga. Nunueni ming'oko, vile viazi vya porini, kaeni jikoni, iacheni ichemke taratibu, mmenye na kula na chumvi na pilipili, na umsimulie ya kwako: nani alikutunza siku yako, nguo uliyovaa ilikuwa ya nani, namna miguu ilivyouma kwa kukaa. Yale ya ndani mwachie kungwi wake, yana mwenyewe. Ya nje yanawatosha kwa jioni nyingi. Atakapoanza kukusahihisha au kukucheka ujue amefunguka. Na kila asubuhi, kabla ya simu, umuage yeye na mdogo wake pale mlangoni kwa jina, umekaza macho. Hilo halihitaji bamvua.

Mumeo usimpangie sheria. Mtu atokaye baharini anayo haki ya mpira wake. Mwambie tu kwamba wakati wa kula, kuanzia sinia linapotua mpaka mikono inaponawa, simu zote zikae pamoja na ile ya dukani, na uanze wewe. Akisahau siku mbili tatu, mkumbushe bila kelele.

Lipo na la Oktoba, korosho zitakapoanza kudondoka. Mama yako Tandahimba atahitaji mikono ya kuokota, na shuleni kuna Jumamosi na Jumapili. Nenda na binti, na kitochi tu. Zile ndizo wiki ambazo malipo ya minada yanaanza kuingia na watu wa kusini wananunua vitenge kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo mzigo uagize mapema na umtafute mtu wa kushika fremu siku mbili hizo. Na mama mwambie sasa hivi, kwa kumpigia, kwamba mnakuja, asije akawapa watu wengine shamba zima.

Shangazi